Mtambo wa Bunduki ya Mzee Tidwell

Elirehema Mshana alijifunga mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, akiwa na akili zake timamu. Hakulewa, wala hakushikiwa panga. Ndiyo maana miaka miwili na ushee aliyokaa Lewisville, kule Amerika, akitafuta mtu wa kumlaumu, kila alipomkaribia alikuta ni yeye mwenyewe.

Alikuwa Mpare wa Usangi, wa ukoo wa Washana, wale wahunzi. Miaka arobaini na moja, mrefu, mwimba besi kanisani, mpole mpaka anaudhi. Mkewe Prudensia, Mhaya wa Kamachumu, alikaa na binti yao Glory kule Houston, mtaa wa Alief, maana huko ndiko alikopata kazi hospitalini. Elirehema alikaa Lewisville, mwendo wa saa nne kwa gari kama hakuna foleni, maana huku ndiko alikopata kazi ya kumtunza mzee mmoja wa Kizungu, kula na kulala humo humo. Mpango wao ulikuwa mfupi: miezi sita tu, halafu ashuke Houston, aingie chuo cha uuguzi, wakae chini ya paa moja kama watu waliofunga ndoa. Hiyo ilikuwa Oktoba 2017.

Mzee mwenyewe aliitwa Harlan Tidwell. Umri sabini na tisa, mjane, fundi mstaafu wa kuchonga vyuma, mkali balaa. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi mitatu nyuma, upande wa kulia wote. Mguu ulirudi nusu. Ulimi ulirudi mzima, na ukali wake ukarudi nao. Mkono haukurudi. Ulikaa mapajani, kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo. Watunzaji wawili walishakimbia kabla ya Elirehema, na mmoja wao alimaliza siku tatu tu.

Siku ya kwanza binti wa mzee, Darla, alimleta Elirehema sebuleni akamtambulisha. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto. Sasa wewe mwambie Mpare wa Usangi ampe mzee wa watu mkono wa kushoto! Alilelewa na mama ambaye ukimpokea kikombe kwa kushoto, anamwaga chai na kikombe unakiosha. Elirehema akaupita ule mkono alionyooshewa, akainama, akaunyanyua ule wa kulia kutoka mapajani kwa mikono yake miwili, taratibu, akautikisa, akasema, "Shikamoo, mzee," kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza hakikumpa neno. Mzee Tidwell alimtazama muda mrefu. Darla akageukia dirishani akajifanya anarekebisha pazia. Elirehema akajiambia moyoni kwamba ameanza vizuri, na tangu siku ile kila asubuhi alimwamkia mzee vilevile, kwa mkono uleule. Loo! Angejua.

Sasa habari ya bunduki. Gereji ya mzee haikuwa na gari. Ilikuwa karakana, na juu ya meza ya kazi kulikuwa na bunduki ya gumegume aliyoanza kuiunda kwa mikono yake kabla ya kuugua, ya mtindo wa zamani kabisa, ile ya kumimina baruti mdomoni mwa mtutu na kusindilia risasi ya duara kwa fimbo. Mtutu ulikuwepo, umeshalazwa kwenye mbao ngumu nzuri yenye mistarimistari. Kilichokosekana ni mtambo. Mtambo ndio roho ya bunduki hiyo: unakaa ubavuni, una kinyundo kinachobana jiwe la gumegume, ukivuta kifyatulio, jiwe linalikwaruza bamba la chuma, cheche zinadondokea kijisahani chenye baruti kidogo, moto unapenya kitundu, bunduki inalia. Na bila mtambo huendi mbele hata hatua moja. Huwezi kuchonga ubavu, wala kutoboa kitundu, wala kuweka kifyatulio, mpaka ujue ni mtambo gani utakaa pale. Kwa hiyo mbavu za mbao zilikuwa bado mraba, pande zote mbili, zinasubiri.

Jumanne ile ya Novemba, mzee alikuwa amechafukwa. Darla alikuwa amemwambia bila kupepesa kwamba huyu naye akikimbia, basi ni nyumba ya wazee. Elirehema akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka karakana ili apoe. Mzee akaitazama bunduki yake, akasema, "Na wewe utaondoka, Eli. Kama wengine."

"Siondoki, mzee," Elirehema akasema, "mpaka bunduki yako ilie."

Ni maneno tu! Nani kwetu hajawahi kusema hivyo? Mgeni anaaga unamwambia kaa, kwanza bado mapema, na wewe mwenyewe unapiga miayo. Elirehema alitaka kumtuliza mzee, basi. Lakini alipokwisha kusema ndipo alipohisi ubaridi kiganjani. Alikuwa ameegemea fuawe la mzee, lile bonge la chuma la kufulia vyuma, na kiganja chake kizima kimelala juu yake.

Kwa Washana fuawe haliguswi ovyo. Enzi za babu yake watu waliogombea mpaka wa shamba waliletwa kwa mhunzi, kila mmoja akaweka kiganja juu ya fuawe, akasema lake. Uliyoyasema pale umeyasema, na ukiyakanyaga, ukoo mzima utajua kwa nini mambo yako hayaendi. Elirehema alibatizwa, akapata kipaimara, akaja Amerika na cheti cha ufundi. Mambo hayo aliyacheka hadharani. Ila kuyavunja, hapana. Aliondoa mkono haraka, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Prudensia aliposimuliwa kwenye simu alicheka kwanza, akidhani ni utani.

"Fuawe la Mzungu!" akasema. "Baba Glory, hilo fuawe limenunuliwa dukani, lina lebo!"

"Chuma ni chuma, mama Glory."

"Haya. Basi liambie lije limpeleke mtoto shule, maana mimi naingia zamu saa kumi na mbili."

Elirehema akamtuliza. Bunduki ilikuwa karibu kwisha, alisema. Bado mtambo tu.

Mtambo tu! Wa kwanza ulifika kwa posta Februari 2018. Ulikuwa mkubwa, wa mtindo wa kale wa Kijerumani, umepinda kama ndizi. Mzee akausogeza ubavuni mwa mtutu kwa mkono wake wa kushoto, upande wa kulia wa bunduki, akatikisa kichwa. "Mtutu mwembamba huu, mtambo mkubwa hivi? Nimemvalisha mtoto koti la baba yake." Ukarudishwa. Elirehema aliafiki kimoyomoyo. Mzee alikuwa na jicho.

Wa pili ukaja Juni. Mdogo, wa Kiingereza, mzuri wa kutazama. Lakini springi yake ilikuwa kali mno. Mapigo sita tu na jiwe likapasuka midomo. Mtambo wa namna hiyo unakula mawe. Ukarudishwa, na Agosti ikapita, na nafasi ya Elirehema chuoni Houston ikapewa mtu mwingine.

Wa tatu ukaja Oktoba, na hapa ndipo Elirehema alipokaribia kupasuka yeye. Kwa sababu Elirehema alijua mitambo. Hakuwa amemwambia mzee. Alimwambia kwamba baba yake ni mkulima, lakini baba yake alikuwa mhunzi aliyefua gobore, na alifungwa miezi minane kwa ajili ya gobore mbili alizowaundia majirani za kufukuzia nyani mashambani. Siku askari walipokuja, mama yake alimshika Elirehema masikio yote mawili akamwapisha kwamba hatagusa kazi ya bunduki maisha yake yote. Kwa hiyo katika karakana ya Lewisville alifagia, alisukuma kiti, alishika taa, akanyamaza. Ila masikio hayafungwi. Mtambo ule wa tatu ulipofyatuliwa, ulilia mlio mmoja safi. Urefu wake ulilingana na mtutu. Kijisahani chake kilikaa pale pale ambapo baruti ingelala ndani, si mbele wala nyuma. Springi ilianza ngumu ikamalizia laini, na cheche zilikuwa nyeupe, nzito, zikadondoka katikati ya kijisahani zikachacharika. Elirehema akafurahi kimoyomoyo. Alijiona tayari barabarani kwenda Houston.

"Mlio wake siupendi," mzee akasema.

"Mlio, mzee?"

"Siupendi. Urudishe."

Elirehema akaingia jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nafasi ya Januari 2019 nayo ikaenda.

Mwaka ule ndio uliomkalia kooni. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na uwanja wa nyasi, lakini aliiona inapungua kila siku. Alfajiri anamwogesha mzee, anamvalisha, anamnyanyua mkono wa kulia, "Shikamoo, mzee," chai, dawa, karakana, chakula, karakana, kulala. Siku za mapumziko zilitegemea mtu wa kumshikia zamu, na mtu hapatikani. Watu walishaujua ulimi wa mzee. Mara moja kwa mwezi, akibahatika, alishuka kwa barabara kuu ya forty-five mpaka Alief, anamkuta Glory amerefuka tena, anamwambia njoo kwa baba, mtoto anamtazama mama yake kwanza. Siku moja kwenye simu Glory akamuuliza, "Daddy, are you coming or not?" kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka. Alikuwa na miaka sita. Elirehema alijibu anakuja, kisha akaenda akasimama bafuni amefunga mlango, kwa sababu ndani ya nyumba ile bafuni ndiko pekee ambako hakuna mtu angemwita kwa dakika tano.

Mtambo wa nne: skrubu zimekaa vibaya. Wa tano: kinyundo kina shingo fupi. Elirehema si mtoto, alishaelewa. Mzee hataki bunduki iishe. Anajua ikilia nitaondoka, alijiambia, ndiyo maana hakuna mtambo utakaomfaa hata ukishuka kutoka mbinguni. Akamchukia mzee, na ile chuki ikamtia aibu, maana ni mtu huyo huyo aliyekuwa anamsugua mgongo kila alfajiri. Mambo hayo alidhani ameyaelewa yote. Alikuwa ameelewa nusu.

Novemba 2019, siku ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, Darla alimruhusu Elirehema amwalike ndugu. Akaja Gelasius, kaka yake Prudensia, anayefanya kazi ghalani huko Mesquite, mtu wa vicheko, mdomo hauna breki. Aliingia na sufuria la pilau, akaenda moja kwa moja kwa mzee. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto. Na Gelasius, bila hata kufikiri, akampa wa kushoto, wakatikisana kama marafiki wa mpira. Elirehema alitamani ardhi immeze. Mzee akautazama mkono wa Gelasius ndani ya mkono wake, uso ukambadilika, na Elirehema akajua ameudhika.

Baada ya kula, bunduki ililetwa mezani na mtambo wa sita kando yake. Gelasius akaishika, akaipima begani, akaiangalia huku na huku.

"Mzee, samahani," akasema kwa Kiingereza chake cha ghalani. "Utaiwekaje begani? Mkono huu wa kulia si hauvuti? Ukiiweka bega la kushoto, na mtambo uko upande huu wa kulia, moto wote si utakulipukia usoni?"

Darla akaacha uma wa keki hewani. Mzee Tidwell akasema anataka kulala, na ilikuwa saa nane mchana.

Nje, kwenye gari, Elirehema alimvaa shemeji yake. "Wewe una akili kweli? Unamtajia mzee kilema chake mezani kwake, mbele ya mtoto wake!"

"Kwani hakijui? Si kiko mwilini mwake?"

"Haisemwi, Gelasius!"

"Haya, shemeji, haisemwi. Mimi nilitaka kujua tu atapigaje." Akawasha gari, akateremsha kioo. "Halafu dada kaniambia nikwambie mwenyewe, uso kwa uso. Chuo kimesema Januari sita ndiyo ya mwisho, ukikosa wanafuta jina. Na yeye amesema amechoka, shemeji. Hakukasirika aliposema. Ndiyo iliyonitisha mimi."

Gelasius akaondoka. Elirehema akabaki kwenye nyasi na sufuria tupu. Mitambo sita ikampita kichwani, mmoja mmoja, na yote, yote sita, ilikuwa ya upande wa kulia. Alikuwa ameitazama kwa miaka miwili, mtoto wa mhunzi mzima, na hilo alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Hakukosa kuliona. Aliliona akalifunika, kama unavyomfunika mzee aliyepitiwa na usingizi.

Asubuhi iliyofuata alimwogesha mzee, akamvalisha, akamkalisha. Akainama, akaunyanyua ule mkono wa kulia. Ulikuwa wa moto kwa maji ya kuoga, laini, mzito. Hakuutikisa. Alijua kwa atakachosema anaweza kufukuzwa, na alijua pia mama yake angemsikia angemkana.

"Mzee," akasema, "mkono huu haurudi."

Mzee Tidwell akautazama mkono wake.

"Mimi nauosha kila siku, naujua. Haurudi. Mtambo wa tatu, ule wa mwaka jana, ulikuwa mzuri kuliko yote. Haukuwa na kosa. Hata huu wa sita hauna kosa. Kosa ni upande. Bunduki hii inataka mtambo wa kushoto."

Basi mzee akalipuka. Hakulipuka kama siku zote, kwa matusi na kurusha kikombe. Alilia kwa hasira, machozi upande mmoja wa uso tu, maana upande wa pili ulishasahau.

"Wewe!" akasema. "Wewe ndiye unaniambia? Daktari aliniambia, nikamfukuza. Darla akaniambia, sikusema naye wiki nzima. Halafu ukaja wewe. Siku ya kwanza nakupa mkono mzima, unauruka, unauchukua huu! Unauinamia! Kila asubuhi ya Mungu, miaka miwili, unausalimia. Nikasema, huyu mtu ndiye anauosha, ndiye anauvalisha, anaujua kuliko madaktari wote. Kama yeye bado anausalimia, basi ameona kitu. Utarudi. Nikangoja. Ningewekaje mtambo wa kushoto, Eli, wakati wewe kila asubuhi unaniambia nina mkono wa kulia?"

Elirehema akakaa chini, sakafuni, pale pale mbele ya kiti. Miaka miwili alitafuta nani amemfungia mlango wa kwenda Houston. Kumbe kila alfajiri alikuwa anaufunga yeye, kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizofundishwa, na akisema shikamoo juu yake.

"Nilikuwa nakuheshimu, mzee," akasema.

"Najua," mzee akasema. "Ndiyo maana nilikuamini."

Kisha mzee akafuta pua kwa mgongo wa mkono wa kushoto, akasema, "Droo ya chini kabisa, kule karakana. Kopo la biskuti."

Ndani ya kopo, kwenye karatasi ya mafuta ambayo haijafunguliwa, kulikuwa na mtambo wa kushoto. Darla aliununua wakati baba yake bado yuko hospitalini, mwaka 2017, akidhani anamfurahisha. Mzee aliutupa kwenye droo na hakuna mtu aliyethubutu kuutaja tena ndani ya nyumba ile. Elirehema akaupima kwenye mtutu, upande wa kushoto wa mbao. Ukalingana.

Zilibaki wiki tano na siku chache. Darla aliambiwa yote, akalia, akamkumbatia Elirehema, na kwa mara ya kwanza akaanza kutafuta mtunzaji mwingine kwa dhati. Elirehema akashika patasi, akijiambia kwamba yeye ni mkono wa mzee tu, si fundi bunduki. Akauchimbia mtambo makao yake kwenye mbao, unyoya kwa unyoya, mzee akisimamia kwa maneno makali, na safari hii ukali ule ulikuwa wa raha. Akatoboa kitundu. Akaweka kifyatulio. Kisha wakaujaribu, na cheche zikatoka nyekundu, chache, zimechoka. Bamba lilikuwa laini. Kuagiza lingine kulihitaji wiki tatu, na Krismasi ilikuwa keshokutwa.

Elirehema alimwomba mama yake msamaha kimoyomoyo. Halafu akalifungua bamba, akatoka nalo uani, akawasha mkaa kwenye jiko la nyama choma, akauvuvia kwa mashine ya kukaushia nywele ya marehemu mke wa mzee, iliyokuwa bado kabatini. Akalitazama bamba mpaka rangi ikafika pale baba yake alipokuwa akisema sasa, akalizamisha kwenye mafuta. Likapiga kelele likanyamaza. Akalipasha tena kidogo kuliondolea ukali, akalirudisha. Jiwe lilipoligonga, cheche zilikuwa nyeupe.

Mzee Tidwell alikuwa amemtazama kutoka mlangoni muda wote.

"Kwa hiyo baba yako ni mkulima," akasema.

"Nilikudanganya, mzee. Ni mhunzi. Alifungwa miezi minane kwa gobore mbili."

"Alikuwa na kibali?"

"Hakuwa nacho."

Mzee akafikiri. "Zilikuwa zinalia lakini?"

"Zote mbili."

"Basi kazi yake ilikuwa nzuri," mzee akasema, akaomba asukumwe ndani, baridi ilikuwa imemwingia.

Jumamosi, Januari nne, 2020, walikwenda shambani kwa mkwe wa mzee nje ya Denton. Sanduku la Elirehema lilikuwa tayari kwenye gari lake. Mtunzaji mpya naye alikuja, Mado, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anayekaa kwenye maghorofa ya Lewisville, mwanamke mwenye mabega na sauti. Wakati Darla anapanga mifuko ya mchanga mezani ili mtutu ulale juu yake, Elirehema alimvuta Mado kando.

"Kitu kimoja, mama. Asubuhi ukimwamkia, mpe mkono wa kushoto."

Mado akashtuka. "Kushoto? Ah non! Ule ni muzee! Bataniona siko na malezi!"

"Mpe wa kushoto. Kwa huyu, hiyo ndiyo heshima. Niahidi."

"Bon," Mado akasema, akimtazama kama mtu asiye mzima. "Kama ni hivyo."

Mzee akaweka kitako bega la kushoto. Elirehema akamimina baruti, akasindilia risasi, akajaza kijisahani. Mzee akavuta. Kijisahani kikawaka fuu, moshi, na bunduki ikakaa kimya. Darla akaziba mdomo. Elirehema akachukua kipande cha waya, akazibua kitundu, akajaza tena, akarudi nyuma hatua tatu.

Ikalia. Mlio ule ulikwenda mpaka kwenye miti ukarudi. Moto wa mtambo ulirukia nje, mbali na uso wa mzee, kama inavyotakiwa. Darla akapiga yowe, Mado akasema "Yesu wangu," na mzee Tidwell akabaki ameegemea bunduki yake, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua kama anacheka au analia.

Basi. Imelia. Neno la kwenye fuawe limekwisha. Elirehema akaenda kumuaga.

Mzee alimwona anakuja. Akaweka bunduki chini. Na hapo akafanya jambo ambalo Elirehema hakulitegemea: kwa mkono wake wa kushoto akaukamata ule wa kulia mapajani, akaunyanyua mwenyewe, kwa shida, akamnyooshea.

"Kwenu ndivyo mnavyofanya," mzee akasema. "Si ndiyo?" Na akaongeza, taratibu, bila kumtazama, "Darla anasema chuo si lazima mwezi huu. Wanachukua watu kila mwaka."

Ule mkono ulikuwa unatetemeka kwa kunyanyuliwa. Malezi yote ya Usangi yalimsukuma Elirehema auwahi, aupokee kwa mikono miwili, ainame, aseme neno moja tu la kumtuliza mzee wa watu. Lilikuwa mdomoni tayari. Sina haraka, mzee. Nipo. Maneno mawili matatu tu, na angekuwa amerudi karakana.

Hakuupokea. Aliunyanyua wake wa kushoto, akaunyoosha, akangoja. Kitu kile kilimwuma kuliko miaka miwili yote.

Mzee Tidwell akautazama. Polepole akauacha ule wa kulia urudi mapajani, akampa wa kushoto. Ulikuwa mkono wa fundi, mgumu, wenye nguvu za kutosha kumvunja mtu vidole. Miaka miwili na ushee Elirehema hakuwa amewahi kuushika.

"Kwaheri, mzee," akasema.

"Nenda zako, Eli," mzee akasema. "Utachelewa."

Elirehema alilia kutoka Denton mpaka karibu na Corsicana, akipangusa macho kwa mkono uleule wa kushoto na kuendesha kwa wa kulia. Ndipo alipompigia Prudensia akamwambia yuko forty-five, anashuka, safari hii na sanduku. Prudensia akampa Glory simu.